Likizo ndefu ya mtumishi wa kanisa: maana yake, sheria zake, na namna ya kuipanga katika parwasi zetu

Makala hii tunaiandika kwa ajili ya wachungaji na wainjilisti, walimu na wauguzi wa kanisa, na zaidi kwa ajili ya wazee na mashemasi, kwa sababu ndio wanaopokea barua ya mtumishi anapoomba kupumzika. Tunaiandika tukiangalia Nyunzu, lakini ndugu wa Kalemie, Kabalo, Kongolo, Manono na Moba watajiona ndani yake.

Likizo ndefu ni muda wa miezi kadhaa, na pengine mwaka mzima, ambapo mtumishi anaacha kazi yake ya kila siku bila kupoteza cheo chake, na siku ya kurudi kwake inajulikana tangu mwanzo. Wengine wanaiita konje ya sabato. Ni tofauti na konje ya kila mwaka, ambayo ni ya siku chache, na ni tofauti na ruhusa ya ugonjwa. Tena si adhabu, wala si njia ya kumwondoa mtu polepole. Tukichanganya mambo haya, mtumishi ataogopa kuomba na parwasi itaogopa kutoa.

Kwa nini tunaliongea hapa Nyunzu

Nyunzu iko kwenye njia ya gari moshi kati ya Kalemie na Kabalo, katika bonde la Lukuga, mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuyapeleka Lualaba. Tangu mwaka 2013 eneo letu limepita katika vita kati ya ndugu Batwa na ndugu Baluba. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbia, na tarehe 30 Aprili 2015 hata kambi ya waliokimbia hapa Nyunzu ilishambuliwa na watu wakauawa. Miaka ya 2016 na 2017 mapigano yalienea sehemu nyingi za mkoa.

Katika miaka hiyo wachungaji walizika watu, walilaza wageni ndani ya makanisa, waligawa chakula, waliketi katika mabaraza ya upatanisho, na Jumapili walisimama tena kuhubiri. Wengi wao wako bado kwenye kituo kilekile. Walifariji watu wengi, lakini ni wachache walioulizwa kama wao wenyewe wamefarijiwa.

Uchovu wa namna hii hauponi kwa usingizi wa usiku mmoja. Unaonekana pale mtumishi anapokasirika kwa neno dogo, anaporudia mahubiri ya mwaka jana kwa sababu hana nguvu ya kuandaa mapya, anapokimbia wageni, au anapoomba mbele ya watu tu na kuacha maombi yake ya siri. Wazee wakiona dalili hizi, wasingoje mpaka aanguke. Mtumishi mwaminifu anaweza kuharibu kwa mwezi mmoja wa uchovu kazi aliyoijenga kwa miaka mingi.

Maandiko yanasema nini

Neno sabato linatoka katika Kiebrania na maana yake ni kuacha, kusimama. Amri ya siku ya saba (Kutoka 20:8-11) haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Iliwataja pia watoto, watumishi, wanyama na mgeni. Kumbukumbu la Torati 5:15 inaeleza sababu: Israeli walikuwa watumwa Misri, na mtumwa hana siku yake ya kupumzika. Kwa hiyo pumziko ni alama ya mtu aliyewekwa huru.

Mambo ya Walawi 25 inaongeza mwaka wa saba, ambapo shamba lenyewe liliachwa. Wakulima wa Nyunzu hawahitaji maelezo marefu hapa. Shamba la muhogo na mahindi likilimwa mwaka baada ya mwaka linachoka, na mkulima mwenye akili analiacha lilale. Kutoka 23:11 inasema pia kwamba mazao yaliyoota yenyewe mwaka huo yalikuwa ya maskini. Na katika mwaka wa saba, kwenye sikukuu ya Vibanda, taifa lote lilikusanyika kusikia torati ikisomwa, wanaume, wanawake, watoto na wageni (Kumbukumbu 31:10-13). Hivyo mwaka wa kuacha kazi ulikuwa pia mwaka wa kusikiliza.

Israeli waliuliza swali lilelile ambalo parwasi zetu zinauliza: tutakula nini? Walawi 25:20-22 inalijibu. Ahadi ilikuwa kwamba baraka ya mwaka wa sita itatosha. Hapo tunaona imani, na tunaona pia maandalizi: kilichovunwa mwaka wa sita kiliwekwa akiba.

Tena kuna onyo. 2 Mambo ya Nyakati 36:21 inasema kwamba nchi ilipata sabato zake wakati watu walipokuwa uhamishoni. Sisi tumeyaona mashamba yaliyobaki bila jembe kwa sababu wenyewe walikimbia, na hakuna aliyeita hali ile pumziko. Pumziko lililonyimwa kwa hiari linaweza kuja kwa nguvu, kwa ugonjwa au kwa maanguko, na likija hivyo linaumiza wengi.

Tukumbuke na watumishi wenyewe. Musa alikiri kwamba mzigo wa watu ulimshinda, na Mungu akampa wazee sabini wa kuubeba naye (Hesabu 11:14-17). Eliya alipoomba kufa chini ya mti, Mungu alimpa kwanza usingizi na chakula, mara mbili, kabla ya kumpa kazi nyingine (1 Wafalme 19:4-8). Na Bwana wetu aliwaita mitume kwenda mahali pa faragha kupumzika, kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula (Marko 6:31).

Desturi hii ilitoka wapi

Katika kazi za dunia, likizo ya mwaka wa saba ilijulikana sana kupitia vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kuwapa walimu wake likizo hiyo mwaka 1880, ili wasome na kuandika. Baadaye nchi nyingine ziliiingiza katika sheria za kazi kwa watu wa kila namna. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 1984.

Kwetu Kongo, wa kwanza kuonekana wakienda likizo ndefu ni wazungu. Maajenti wa ukoloni walifanya kazi kwa muda uliopangwa, kisha wakarudi Ulaya kwa miezi. Wamisionari nao walikuwa na desturi ya kurudi kwao baada ya miaka fulani, kutunza afya, kuona jamaa na kutembelea makanisa yaliyowatuma. Walipowakabidhi Wakongo kazi, waliwakabidhi nyumba, vitabu, zahanati na shule. Desturi ya likizo haikuingia katika hesabu ya makabidhiano. Mchungaji mwenyeji alionekana kama mtu ambaye yuko nyumbani kwake tayari, hana mahali pa kurudi, basi hana haja ya kupumzika.

Lakini historia hiyohiyo inatufundisha jambo lingine. Congo Evangelistic Mission ilianza Mwanza, Katanga, mwaka 1915 kwa kazi ya William Burton na James Salter, ikaenea katika nchi ya Baluba. Mwaka 1960, machafuko yalipokuja baada ya uhuru, wamisionari wengi walilazimika kuondoka kwa haraka. Hapakuwa na miezi ya kuandaa wala mpango wa nani ashike nini. Hata hivyo makanisa hayakufa. Wachungaji wenyeji, wazee na akina mama waliyashika, na yakaendelea kukua. Kama makanisa mengi yaliweza kusimama viongozi walipoondoka ghafla, parwasi moja inaweza kusimama mchungaji wake anapopumzika miezi mitatu kwa mpango mzuri.

Sheria ya Leta inasema nini

Sheria ya kazi ya Kongo ni Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Inampa mfanyakazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi konje ya angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima wa utumishi, yaani siku 12 kwa mwaka. Siku moja inaongezwa kwa kila miaka 5 mfululizo kwa mwajiri yuleyule. Mama anayejifungua ana haki ya wiki 14. Hizi ni haki. Parwasi iliyoajiri mlinzi, mpishi au mwandishi kwa kontra haiwezi kuzihesabu kama zawadi.

Likizo ndefu ya sabato ni jambo la mapatano kati ya mfanyakazi na mwajiri wake. Kwa sababu hiyo iandikwe: inaanza lini, inaisha lini, mshahara utalipwa au hautalipwa, na kazi itamngoja. Maneno ya mdomo, hata yakisemwa mbele ya madhabahu, yanasahaulika. Tena, mshahara ukisimama, michango ya CNSS inaweza kusimama nao. Ni vizuri kuuliza ofisi ya CNSS kabla ya kutia sahihi.

Kwa watumishi wa Leta njia ni nyingine. Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 inajua hali ambayo mtumishi anawekwa kando ya kazi kwa muda kwa ombi lake mwenyewe. Shule zetu za kanisa zinafanya kazi chini ya mapatano ya makanisa na Leta ya mwaka 1977. Mwalimu wa shule hizo asiache darasa kwa ruhusa ya mchungaji tu. Barua yake ipite kwa mkurugenzi wa shule na kwa ofisi ya uratibu ya shule za Kiprotestanti, la sivyo jina lake linaweza kutoka kwenye orodha ya malipo.

Mchungaji mwenyewe mara nyingi hana kontra ya kazi. Anaongozwa na kanuni za jumuiya yake, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzisoma kanuni hizo.

Mfano wa kanuni ya kanisa

Kanisa la Muungano la Metodisti, ambalo lina konferensi yake hapa Tanganyika, limeandika jambo hili katika Kitabu chake cha Nidhamu. Mchungaji aliyetumika kwa muda wote miaka 6 mfululizo anaweza kupewa likizo ya sabato hadi mwaka mmoja, kwa ajili ya masomo au safari yenye mpango uliokubaliwa. Anaomba kwa maandishi angalau miezi 6 kabla ya konferensi ya mwaka. Kitabu kinasema malipo yake yabaki kama yalivyokuwa pale inapowezekana. Akitaka likizo nyingine, anatumika tena miaka 6.

Tunaweza kuchukua mambo manne hapo hata kama sisi si Wametodisti: idadi ya miaka inajulikana, ombi linaandikwa mapema, mpango unaonyeshwa, na anayekubali ni kanisa, si rafiki mmoja wa mchungaji. Jumuiya ambayo haina kanuni inaweza kuleta pendekezo la namna hii katika sinodi yake au katika mkutano wake mkuu.

Namna ya kuipanga

*Muda.* Kwa parwasi ndogo, miezi mitatu ni mwanzo mzuri. Hapa kwetu mvua huanza karibu na Oktoba na kukatika kuelekea Mei. Likizo ya kiangazi inasaidia kwa sababu barabara zinapitika, na watoto wana konje kubwa Julai na Agosti.

*Shamba.* Tuseme ukweli: wachungaji wengi wa vijijini hawaishi kwa sadaka peke yake. Wanakula bukari ya jembe lao. Likizo inamwondolea mtumishi mimbari, vikao na safari za usiku. Haimwondolei shamba, isipokuwa wakristo wakubali kumsaidia. Vikundi vya akina baba na vijana wakilima siku chache kwenye shamba lake, wamempa kitu kikubwa kuliko hotuba ya kumwaga.

*Pesa.* Njia ya mwaka wa sita ni nzuri: kuanza kuweka akiba mapema. Sadaka moja kwa mwezi iwekwe kando kwa mwaka mzima au zaidi, kwa kitabu chake, na watu wawili wa kuishika pamoja na mtunza hazina. Hesabu isomwe mbele ya kanisa. Atakayeshika kazi naye apewe kitu, kwa maana naye ana watoto.

*Atakayeshika kazi.* Mgawanyo ni bora kuliko kumtwika mtu mmoja. Mwinjilisti ahubiri, mzee mmoja aongoze vikao, akina mama wasimamie kutembelea wagonjwa, na mchungaji wa parwasi jirani aje kwa meza ya Bwana na ubatizo. Majina yao yasomwe Jumapili ili mtu asiseme hakujua.

*Mama mchungaji.* Kama baba anapumzika na mama anaendelea kupokea wageni, kuongoza kwaya na kupika kwa ajili ya kila kilio, nyumba ile haijapumzika. Likizo ni ya wote wawili. Kama mama mwenyewe ndiye mchungaji, haki yake ni ileile.

*Nyumba.* Familia ikikaa katika nyumba ya kanisa, watu watagonga mlango kama kawaida. Ikiwezekana waende kwa jamaa angalau sehemu ya muda. Ikishindikana, wazee wakubaliane kwamba shida zote zinapelekwa kwanza kwa mzee wa zamu. Kuhusu vilio, yaamuliwe mapema ni vifo gani tu mchungaji ataitwa.

Woga unaozuia watu kuomba

Woga wa kwanza ni wa kiti. Mtumishi anajiuliza kama atakuta mwingine ameketi mahali pake. Woga huu una sababu, kwa maana magomvi ya uongozi yamegawanya makanisa mengi ya Kongo. Dawa yake ni maandishi: barua ya viongozi wa jumuiya inayotaja siku ya kurudi na kusema wazi kwamba anayeshika anashika kwa muda. Anayeshika naye asibadilishe mambo makubwa, asiuze mali ya kanisa, asiweke wala kuondoa mashemasi.

Woga wa pili ni wa maneno ya watu. Watasema ni mvivu, au ana dhambi iliyofichwa, au hana imani. Basi likizo itangazwe na viongozi mbele ya wote, na sababu yake isemwe, ili uvumi usipate nafasi. Na kama kweli kuna kosa la kushughulikia, lishughulikiwe kwa njia ya nidhamu. Tusitumie jina la sabato kufunika adhabu, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtumishi atakayeomba tena bila kushukiwa.

Woga wa tatu uko upande wa wakristo: kanisa litapoa. Linaweza kupoa kidogo. Lakini mara nyingi hapo ndipo karama zilizokaa kimya zinapojulikana. Parwasi isiyoweza kuishi miezi mitatu bila mtu mmoja ina ugonjwa wa kutibiwa, na ni heri ijulikane mapema.

Mtumishi afanye nini katika likizo

Mwezi wa kwanza alale, ale, akae na watoto wake, na aende kwa daktari kupimwa. Asianze na mikutano ya injili mahali pengine, maana huko ni kuhamisha kazi. Baadaye asome Biblia bila kutafuta mahubiri, asome kitabu kimoja au viwili, atembelee mchungaji mzee anayeweza kumsikiliza. Aliyepita katika vita atafute mtu wa kumweleza yaliyomo moyoni. Jumapili aende kuabudu, aketi kwenye benchi kama wengine, apokee neno. Akipata nafasi ya masomo mafupi ni vema, ila mitihani isigeuke mzigo mwingine.

Likizo hii haifai kutumiwa kufungua biashara kubwa wala kutafuta kituo kingine kwa siri. Mtumishi akihisi Mungu anamhamisha, aseme kwa uwazi baada ya kurudi.

Kurudi

Wiki moja kabla ya siku, wazee wamtembelee na kumweleza yaliyotokea: waliozaliwa, waliokufa, hesabu ya pesa, na magomvi kama yapo. Jumapili ya kwanza apokewe, naye awashukuru walioshika kazi kwa majina. Asiwanyang'anye yote siku hiyo. Kazi ambayo mwingine ameifanya vizuri abaki nayo. Hivyo ndivyo mzigo wa Musa ulivyobaki umegawanyika hata baada ya siku ya shida.

Parwasi ambayo haiwezi miezi mitatu

Kuna vituo ambavyo ni maskini sana, au bado vinapokea watu waliokimbia. Hao waanze na kidogo. Mchungaji apewe siku moja kamili kila wiki, na siku hiyo isiwe Jumapili, kwa maana kwake Jumapili ni siku ya kazi. Apewe konje yake ya kila mwaka bila kuombaomba. Parwasi mbili jirani zinaweza kubadilishana: mchungaji wa hapa anashika kote wiki nne, halafu wa kule naye anashika kote wiki nne. Gharama yake ni nauli ya baiskeli na chakula.

Tunawaomba wazee wa kila parwasi waweke jambo hili katika kikao chao kijacho, na waanze na swali moja: mtumishi wetu alipumzika mara ya mwisho lini? Kama katika kikao hakuna anayekumbuka, msiahirishe. Andikeni tarehe, chagueni watakaoshika, na mwambieni mchungaji wenu kabla yeye hajaomba. Bwana awabariki.